Mahindi Yenye Nguvu: Jicho Halioni Kilichomo Ndani ya Punje

Asubuhi moja, mvua za kupandia zilipokuwa karibu, mama mmoja mkulima wa skimu yetu alifika afisini akiwa na vifuko viwili vya mahindi. Alivifungua juu ya meza yangu, akamimina konzi moja huku na konzi moja kule, kisha akaniuliza, "Mwalimu, yapi ndiyo yale yenye nguvu?"

Watu wa hapa huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa afisi ya kilimo. Nikayatazama mahindi yale. Yote yalikuwa meupe, makavu na safi. Nikaokota punje moja ya huku na moja ya kule, nikazigeuza mkononi, nikaziuma. Sikuweza kuona tofauti yo yote.

Mama huyu alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka mitatu kabla ya siku ile, mimi mwenyewe nilimweleza habari za mahindi yenye protini bora, nikamwambia kwamba yanafaa kwa uji wa mtoto anayeachishwa maziwa. Alikuwa akimlea mjukuu wake, na maharagwe yake yalikuwa yameharibiwa na mvua. Akanunua pakiti moja ya kilo 2, ya mbegu isiyo chotara. Akaniuliza kama anaweza kujiwekea mbegu. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, chagua mahindi makubwa, uyakaushe vizuri." Jibu hilo lilikuwa nusu tu ya ukweli. Kifuko kimoja juu ya meza yangu kilikuwa na mabaki ya pakiti ile. Kile cha pili kilikuwa na mavuno ya mwaka wa tatu, ambayo ndiyo aliyokuwa akimsagia mtoto uji. Alitaka kujua kama nguvu bado imo.

Ndugu wakulima, makala haya yanatokana na swali la mama huyu. Nimeyaandika ili mwenye kuweka mbegu zake nyumbani apate ukweli wote, si nusu.

KILA PUNJE NI MTOTO

Tuanze na jambo ambalo kila mkulima amekwisha kuliona. Ukimenya hindi moja la mbegu za nyumbani, punje zake hazifanani kabisa. Ukipanda punje hizo, mmea mmoja utakuwa mrefu na mwingine mfupi. Mmoja utaanguka kwa upepo na mwingine utasimama. Mmoja utaliwa na ugonjwa wa majani na jirani yake atabaki kijani.

Sababu ni kwamba kila punje ni mtoto mwenye baba na mama. Mama ni mmea unaobeba hindi. Kila unywele wa ndevu za hindi huongoza kwenye punje moja. Baba ni chavua, yaani ule unga wa manjano unaotoka katika mbelewele juu ya mmea, na ambao hupeperushwa na upepo. Chembe moja ya chavua ikitua juu ya unywele mmoja, punje moja huzaliwa. Basi hindi moja lenye punje 400 laweza kuwa na mama mmoja na baba wengi sana, na baba wengine huenda wanatoka katika shamba la jirani.

Baba na mama humrithisha mtoto amri ndogo ndogo zinazoitwa jeni. Jeni moja huhusika na rangi, nyingine na urefu, nyingine na ugumu wa punje. Kwa sababu jeni hizi hutofautiana kutoka mmea hadi mmea, mahindi yana tofauti nyingi kupita mazao mengi tuyajuayo. Tofauti hizo ndizo mali ya mtaalamu wa mbegu. Kama mimea yote ingekuwa sawasawa, hakungekuwa na kitu cha kuchagua, wala mbegu isingeweza kuboreshwa hata kidogo.

TULICHAGUA NINI ZAMANI?

Wazee wetu walikuwa wachaguzi hodari. Baada ya mavuno walitenga mahindi makubwa, yenye mistari iliyonyooka na maganda yaliyofunika vizuri, wakayatundika juu ya moshi wa jikoni. Lakini walichagua walichoweza kukiona. Tena katika Kenya soko lilipenda mahindi meupe, na kwa hiyo punje za manjano zilitupwa nje ya mbegu mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyejua kwamba pamoja na ile rangi tulikuwa tukitupa vitamini A, kwa maana mahindi meupe hayana vitamini hiyo ya kutajika.

Kazi ya kuboresha mbegu ilianza Kitale mwaka 1955. Wataalamu waliyakuta mahindi meupe ya nchi yetu, ambayo asili yake ilikuwa mbegu zilizoletwa kutoka Afrika Kusini na Marekani. Waliyachagua, wakapata mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1961. Ilikuwa mbegu nzuri, lakini tofauti zilizokuwamo ndani yake zilikuwa chache, na ukichagua katika kitu chenye tofauti chache hufiki mbali.

Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Kitale, Michael Harrison, alitafuta mbegu za Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako mahindi yana jamii nyingi ajabu. Moja kati ya mbegu zilizoletwa iliitwa Ecuador 573, mahindi ya nyanda za juu za nchi ya Ecuador. Kwa kuyatazama tu, usingeyachagua. Lakini yalipozalishwa na Kitale Synthetic II, watoto wake walizaa karibu asilimia 40 kupita Kitale Synthetic II yenyewe. Mbegu hiyo ndiyo Hybrid 611, iliyotolewa mwaka 1964, wakati skimu nyingi zilipokuwa zikigawanywa kwa wakulima. Wazee wengi wa skimu bado wanaikumbuka.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, tofauti ikikosekana nyumbani, yafaa itafutwe mbali. Pili, uzuri wa mbegu hauonekani kwa macho kila mara.

PUNJE ILIYOONEKANA MBOVU

Mwaka huo huo wa 1964 habari nyingine ya mahindi ilitoka Marekani. Katika chuo kikuu cha Purdue, Edwin Mertz, Oliver Nelson na Lynn Bates walichunguza mahindi ya aina iliyoitwa opaque-2. Mahindi hayo yalikuwa yamejulikana kwa miaka mingi, lakini hayakuthaminiwa. Punje ya kawaida ukiishika kwenye mwanga hupitisha mwanga kidogo kama kioo chenye ukungu. Punje ya opaque-2 haikupitisha mwanga. Ndani ilikuwa laini kama chaki. Mkulima angeitupa.

Mabwana hao walipopima protini yake walishangaa. Ili tuelewe mshangao wao, yatupasa tujue kasoro ya mahindi ya kawaida. Mahindi yana protini, karibu sehemu 9 au 10 katika kila 100 za punje kavu. Lakini protini hujengwa kwa vipande vingi viitwavyo asidi amino, na mwili wa mtoto hauwezi kujenga nyama na damu ikiwa kipande kimoja kimepungua, hata kama vingine vimezidi. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Ndivyo ilivyo hapa. Vipande viwili, laisini na triptofani, ni haba sana katika mahindi, na kwa sababu ya uhaba huo sehemu kubwa ya protini ya ugali hupotea bure mwilini.

Katika opaque-2, laisini ilizidi ile ya mahindi ya kawaida kwa asilimia 69. Ajabu ni kwamba protini yenyewe haikuongezeka. Kilichobadilika ni aina ya protini. Jeni moja ilikuwa imelegea, na kwa ajili hiyo punje ilitengeneza kidogo ile protini isiyo na laisini, ikatengeneza zaidi protini nyingine zilizo nayo. Mwaka 1965 walilisha panya wadogo, wengine mahindi ya kawaida na wengine opaque-2. Wale wa opaque-2 waliongeza uzito mara 3.6 kupita wenzao.

Watu wa Afrika wana sababu ya kuijali habari hii. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akifanya kazi huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele zikapauka na ngozi ikabambuka. Wengi wao walikuwa wameachishwa maziwa na kulishwa uji wa mahindi. Jina la ugonjwa huo alilichukua kwa wenyeji wa lugha ya Kiga, nao humaanisha ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa kwa sababu mwenzake amezaliwa. Ndio huu tunaouita kwashakoo.

MBEGU NZURI ILIYOKATALIWA

Wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mbegu za opaque-2 zilipopelekwa kwa wakulima wa nchi mbalimbali, wakulima walizikataa, na walikuwa na haki. Punje ilikuwa nyepesi, basi gunia halikufikia uzito. Ilichelewa kukauka. Hindi lilioza upesi shambani. Ghalani, fukusi waliipenda kuliko watu walivyoipenda, kwa kuwa laini huliwa kwa urahisi. Tena haikuwa na sura ya mahindi waliyoyazoea.

Mkulima halishi mtoto tu. Analipa karo na mkopo pia. Mbegu yenye laisini nyingi ambayo haijazi ghala si mbegu, ni mzigo. Kwa hiyo mtaalamu wa mbegu hawezi kuchagua sifa moja akasahau nyingine. Yampasa aangalie chakula kilichomo, wingi wa mazao, ugumu wa punje, nguvu ya shina, na kinga dhidi ya magonjwa, yote pamoja. Sisi wa Kenya tulikumbushwa jambo hili mwaka 2011, ugonjwa wa mahindi unaokausha mmea wote ulipoonekana Bomet na kuenea katika wilaya nyingine. Mbegu yo yote yenye chakula bora isiyoweza kusimama mbele ya magonjwa haitafika mezani.

Watu wengi walikata tamaa na opaque-2. Lakini katika kituo cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT huko Mexico, wawili hawakukata tamaa. Mmoja alikuwa Surinder Vasal, mtaalamu wa mbegu kutoka India. Wa pili alikuwa Evangelina Villegas, mama wa Mexico, mtaalamu wa kemia ya nafaka. Bwana Vasal aligundua kwamba katika mahindi yale ya chaki, mara moja moja hutokea punje iliyo ngumu kidogo upande mmoja. Zilikuwako jeni nyingine, ndogo ndogo na nyingi, zinazorudisha ugumu. Akazitenga punje hizo, akazipanda, akachagua tena zile zilizo ngumu zaidi, mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo kulikuwa na hatari. Punje ikiwa ngumu, huenda imepoteza ile laisini na kurudi katika hali ya kawaida, na jicho haliwezi kutambua. Hapo ndipo kazi ya Bibi Villegas ilipokuwa. Maabara yake ilipima punje kwa wingi, zaidi ya sampuli 20,000 kwa mwaka. Punje ngumu isiyo na laisini ilitupwa. Punje yenye laisini lakini laini ilitupwa pia. Iliyokuwa na yote mawili ndiyo iliyorudi shambani. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa na mahindi magumu, mazito, yenye ladha iliyozoeleka, na laisini na triptofani karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida. Mwaka 2000 walipewa pamoja Tuzo ya Chakula ya Dunia, na Bibi Villegas akawa mwanamke wa kwanza kuipokea.

Ghana ilitoa mbegu ya namna hiyo mwaka 1992, ikaitwa Obatanpa, maana yake mama mlezi mwema. Nchini mwetu ziko mbegu chotara za aina hii, kama KH500Q na KH631Q, na ile herufi Q ndiyo alama ya protini bora.

Je, yanafaa kweli kwa watoto? Mwaka 2010 wataalamu walikusanya matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watoto wadogo wenye upungufu wa chakula, mahali ambapo mahindi ndiyo chakula kikuu. Walioyala mahindi haya waliongeza uzito kwa kasi ya asilimia 12 kupita wenzao waliokula ya kawaida, na urefu kwa kasi ya asilimia 9. Hiyo si dawa ya miujiza. Maharagwe, maziwa na mayai bado yana nafasi yake. Lakini katika nyumba ambayo maharagwe yameharibika, asilimia 12 ni kitu kikubwa kwa mtoto.

MAHINDI YA RANGI YA MACHUNGWA

Njia ile ile imetumika kwa vitamini A, ambayo ikikosekana huharibu macho ya mtoto na kumwacha dhaifu mbele ya magonjwa. Mahindi ya manjano ya kawaida yana rangi nyingi, lakini sehemu kubwa ya rangi hiyo haigeuki kuwa vitamini A mwilini. Inayogeuka zaidi huitwa betakarotini, nayo ni kidogo humo. Wataalamu walitafuta katika mahindi ya nchi nyingi, wakakuta jeni chache zinazozuia betakarotini isigeuzwe kuwa rangi nyingine. Jeni hizo nzuri zilikuwa nyingi zaidi katika mahindi ya nchi za baridi na adimu katika mahindi ya kwetu. Basi wakazihamisha kwa kuzalisha, kama vile Ecuador 573 ilivyozalishwa na mahindi ya Kitale.

Hapa tena jicho lilidanganya. Punje iliyokolea rangi si lazima iwe na betakarotini nyingi. Wataalamu hukwangua kipande kidogo cha mmea mchanga, wakasoma jeni zake katika maabara, na kujua ni mmea upi wa kuendelea nao hata kabla haujatoa hindi. Zambia ilitoa mbegu za rangi ya machungwa kwa wakulima mwaka 2012. Msiyachanganye na mahindi ya manjano yaliyoletwa hapa kwetu miaka ya njaa. Hayo ni mengine na haya ni mengine.

UPEPO KUTOKA KWA JIRANI

Sasa nirudi kwa mama yule na vifuko vyake.

Jeni ya opaque-2 ina tabia ya kujificha. Haifanyi kazi mpaka punje ipewe jeni hiyo na mama na pia na baba. Akiileta mama peke yake, na baba akaleta ile ya kawaida, ile ya kawaida hushinda, na punje ile huwa na protini ya kawaida siku hiyo hiyo. Usingoje msimu ujao. Hasara imo katika hindi lile lile ulilovuna, na katika unga utakaosaga.

Nilikwenda shambani kwake. Kipande cha mahindi yake kilikuwa kirefu na chembamba, na upande unaotokea upepo palikuwa na shamba la jirani, eka 5 za mahindi ya kawaida, yaliyopandwa wiki ile ile aliyopanda yeye. Jirani huyo hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia mama achague mahindi makubwa nisimwambie habari za upepo.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu wakulima, kama darasani. Tuseme kwa mfano kwamba kila msimu, katika chembe 100 za chavua zinazotua kwenye mahindi yako, 20 zinatoka kwa jirani. Mavuno ya kwanza, punje 20 katika 100 zitakuwa zimepoteza sifa. Ukichukua mbegu bila kutenga na kupanda tena, punje hizo zenyewe zitatoa chavua yenye mchanganyiko, na jirani ataongeza 20 zake. Mavuno ya pili, punje 35 katika 100 zimepotea. Mavuno ya tatu ni karibu 48. Karibu nusu ya debe imerudi kuwa mahindi ya kawaida, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Majani ni yale yale, hindi ni lile lile, uji ni mweupe vile vile.

Ndiyo sababu sikuweza kumjibu pale mezani. Nilimwambia ukweli: katika kifuko hiki cha pakiti nguvu imo, katika hiki cha mavuno ya tatu, sehemu imo na sehemu haimo, na mimi sijui ni kiasi gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ungeniambia mapema ningepanda kule bondeni nyuma ya miti." Nikakubali. Nilikosa, na sikuwa na la kujitetea.

MAMBO YA KUFANYA

Mkulima anayetaka mahindi yenye protini bora, au yale ya rangi ya machungwa, ashike haya:

1. Nunua mbegu kwa muuzaji mwenye kibali, na uone lebo ya KEPHIS juu ya pakiti. Usinunue punje za sokoni kwa sababu mtu amekuambia ni zile zenye nguvu. Yeye pia hawezi kuziona.

2. Uliza kama mbegu ni chotara, ambayo wengi wetu huiita haibridi, au si chotara. Ya chotara inunuliwe upya kila msimu. Isiyo chotara unaweza kujiwekea, lakini kwa masharti yanayofuata.

3. Itenge na mahindi ya kawaida kwa mita 200 au zaidi. Ikiwa shamba lako halitoshi kwa hilo, sema na jirani mpishane wakati wa kupanda kwa muda wa mwezi mmoja, ili mbelewele zake zisitoe chavua wakati ndevu zako ziko wazi. Miti na kilima husaidia, ila si ukuta kamili.

4. Panda katika kipande cha mraba, si ukanda mwembamba. Chavua ya nje huangukia zaidi mistari ya pembeni. Mahindi ya mistari hiyo uza au ule kama mahindi ya kawaida. Ya katikati ndiyo yawekwe kwa mtoto na kwa mbegu.

5. Unapochagua mbegu, usichukue mahindi matano makubwa ukaridhika. Chukua hindi mojamoja katika mimea mingi yenye afya, isiyopungua 100. Ukibana mbegu zako katika mimea michache utapoteza zile tofauti tulizozitaja, na mahindi yako yatadhoofika.

6. Baada ya misimu mitatu hivi, nunua mbegu mpya hata kama yako inaonekana nzuri.

7. Kausha vizuri mpaka unyevu uwe karibu asilimia 13, uhifadhi mahali pasipo na fukusi. Mahindi ya rangi ya machungwa yaliwe mapema, kwa kuwa betakarotini hupungua kadiri yanavyokaa ghalani.

8. Usiache kupanda maharagwe. Mahindi bora husaidia sufuria. Hayachukui nafasi ya mboga.

Wakulima wa kundi moja wakikubaliana, kazi hii huwa rahisi. Ikiwa nyumba kumi za mstari mmoja zitapanda mbegu moja yenye protini bora, upepo utakaotoka kwa jirani utaleta jeni ile ile, na hasara itapungua sana. Hili ni jambo la kuzungumzwa katika mkutano wa skimu kabla ya mvua, si baada ya kupanda.

Mama yule amekwisha kununua pakiti mpya. Ameipanda kule bondeni nyuma ya miti, katika kipande cha mraba, na maharagwe kando yake. Kile kifuko cha mavuno ya tatu aliniachia mezani, akasema nikae nacho ili mwingine akija kuuliza nimwonyeshe. Nimekiweka kando ya daftari la wageni. Kila anayeuliza habari za kujiwekea mbegu, kwanza namwonyesha mahindi hayo, halafu namwuliza upepo wa shambani kwake unatoka upande gani.